Tangi dogo kabisa, uzalishe samaki gani?

Watu wakiniuliza samaki gani wa kuzalisha kwenye tangi dogo wanategemea nitaje jina moja tumalizane, alafu mimi naanza na swali linalowaudhi: watoto wakija utawapeleka wapi? Sio utani. Kufuga samaki wawili watatu kwenye lita 25 ni kitu kimoja, kuzalisha ni habari nyingine kabisa, manake siku ukifanikiwa ndo matatizo yanaanza, tangi ni lile lile, maji ni yale yale, na walaji wameongezeka.

Tangi langu ni la sentimita 45 kwa 25 kwa 25. Alinitengenezea fundi vioo wa hapa mtaani, nikamwambia asilipeleke juu, alilaze, akanishangaa sana kwa sababu wateja wake wengi wanataka lile refu la kwenye mapokezi ya hoteli. Ukipiga hesabu linabeba lita 28 likijaa mpaka mdomoni, ukitoa mchanga na ile nafasi ya juu unabaki na lita 22 hivi za kweli, yaani ndoo moja kubwa na vikombe kadhaa. Linakaa juu ya kabati la TV kwenye chumba cha kupanga Dar, na baba mwenye nyumba akija anaangalia kwanza sakafu kama imelowa ndo anasalimia.

Hilo la kulaza tangi nalirudia kila siku, kwenye tangi dogo sakafu ndo mali. Samaki wengi wanaozaliana vizuri kwenye maji machache ni wale wanaoishi chini, wana kiota chini, wanagombania kipande cha chini, wale wanaokimbiakimbia juu kwa makundi wanataka urefu wa kuogelea ambao huna.

Sasa ukienda dukani ukasema tangi lako dogo, jamaa anakuonyesha vidude vya urefu wa kidole. "Chukua hawa bosi, wadogo hawa, hawana noma." Ni kweli wadogo, ila wadogo wa umri. Oska unamnunua ana sentimita 4 na akikua anafika 30, na yule wa kijivu wanayemuita papa ni pangasiasi wa mito ya kusini mashariki mwa Asia, mtu mzima wake anapita mita moja. Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya bei, uliza huyu akiwa mtu mzima ana urefu gani, na muuzaji akijibu "inategemea na tangi" ondoka zako.

Gapi nitampitia haraka kwa sababu ndo jibu la kila mtu. Ni samaki mzuri, mgumu, anatokea Trinidad, Venezuela na maeneo ya jirani, na jina kaachiwa na Robert John Lechmere Guppy aliyekuwa akiishi Trinidad na kupeleka sampuli London miaka ya 1860. Baadaye kasambazwa karibu dunia nzima ale viluwiluwi vya mbu. Shida yake ni kuzaa. Jike anazaa kila baada ya wiki 4 hivi, anatoa vifaranga 20, 30, wakati mwingine zaidi, na anatunza mbegu za dume mwilini kwa miezi, yaani ukinunua jike mmoja tu bila dume bado anaweza kukuzalia mara kadhaa. Lita 22 zitamtosha kwa muda gani? Wapo wanaosema usijali, wazazi wanakula watoto wao, idadi inajipanga yenyewe. Haya, ila hiyo mimi siiti kuzalisha. Endler, yule ndugu yake mdogo wa Laguna de Patos kule Cumaná, Venezuela, aliyepata jina kwa John Endler aliyemkusanya mwaka 1975, ni mdogo zaidi, dume ana sentimita 2 na nusu hivi, na kwa tangi dogo anamshinda gapi kwa mbali, ila naye kwa kuzaa ni wale wale, na ukimchanganya na gapi wanazaa machotara, baada ya muda hujui tena una samaki gani.

Faita, yaani beta, huyu watu wanamdhania wa tangi dogo kwa sababu wanamuona anauzwa kwenye chupa. Dume anapuliza povu juu ya maji, anaokota mayai kwa mdomo anayapachika kwenye povu, analinda, ni kitu cha kuangalia kweli. Lakini mayai yanaweza kufika mamia, na vifaranga madume wakifika miezi mitatu hivi wanaanza kuraruana mapezi kila mmoja anataka chupa yake. Fikiria chupa 60 dirishani, kila moja inabadilishwa maji. Kuzalisha faita ni biashara ya mtu mwenye kibanda, sio mwenye kabati la TV.

Kwa hiyo mimi kwenye tangi dogo nimebaki na samaki wa aina mbili, na wote ni wa huku huku kwetu. Hili ndo linaloniuma kidogo, sijui niseme linanichekesha. Mtu wa Ujerumani ana samaki wa vidimbwi vya Unguja chini ya ngazi za nyumba yake, anawatunza kwa majina na tarehe, sisi tuliozaliwa jirani na kidimbwi chenyewe tunanunua gapi waliopandishwa ndege kutoka Asia.

Wa kwanza anatoka ziwa Tanganyika. Ziwa refu karibu kilomita 670, kina chake kinafika mita 1,470, limegawana Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na ukilitaja kwa watu wengi wanakumbuka dagaa wa Kigoma na migebuka basi. Lakini kule chini kuna sehemu sakafu yote ni magamba matupu ya konokono, aina inayoitwa Neothauma, yamerundikana miaka na miaka kwa sababu maji ya ziwa lile ni magumu, yana chokaa ya kutosha, gamba haliyeyuki upesi. Na humo ndani ya magamba wanaishi samaki. Wako wa aina kadhaa, ila wa tangi dogo ni Neolamprologus multifasciatus, anatokea zaidi ncha ya kusini ya ziwa upande wa Zambia, aliandikwa kisayansi na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1906, sisi tunamuita multi tu. Dume anafika sentimita 4 na kitu, jike 3 hivi, ana mistari ya kahawia mwili mzima na jicho la buluu ukimpigia tochi vizuri. Ni katika ukoo mmoja na sato, ingawa ukiwaweka sahani moja huwezi kuamini.

Multi anachotaka ni mchanga laini na magamba. Mimi natumia mchanga wa plasta, nauosha mpaka maji yatoke meupe na hapo ujue mkono umechoka, alafu nauweka kina cha vidole vitatu vinne. Magamba ya Neothauma sina haja nayo, Ulaya wanatumia magamba ya konokono wale wanaoliwa hotelini, mimi naokota ya konokono wakubwa wa shambani waliokufa wakiwa bado wadogo, yanajaa bustanini baada ya mvua. Unayachemsha, unayasugua ndani kwa brashi ya chupa mpaka harufu iishe (ifanye kazi hii nje, sio jikoni), unachagua yenye mdomo wa sentimita 2 hivi. Weka mengi kuliko samaki, mawili matatu kwa kila mmoja, ukibania wataanza kupigana.

Alafu vuta kiti. Jike akipata gamba lake anaanza kulizika. Anaingia kichwa chini ubavuni mwa gamba, anatingisha mwili, mchanga unaruka nyuma, gamba linazama kidogo upande mmoja, anazunguka, anarudia upande wa pili, mpaka linabaki tundu tu juu ya mchanga. Mchanga uliobaki anaubeba mdomoni anaenda kuutema mpakani kwa jirani. Jirani anatoka, anauangalia, anaubeba anaurudisha. Hii inaweza kwenda asubuhi nzima, ni mgogoro wa ardhi kamili ila hauna mwenyekiti wa mtaa. Dume kazi yake kupita kwenye kila gamba kukagua na kuamua ugomvi, na mkono wako ukiingia kusafisha kioo anaufuata, hana hata urefu wa kidole gumba ila anaufuata.

Kuzaliana wanazaliana wenyewe, huna cha kufanya zaidi ya kulisha na kubadilisha maji. Mayai yako ndani ya gamba huyaoni. Siku moja unaona mdomoni mwa gamba kuna kitu cha milimita chache kina macho, ukisogea kinazama ndani, na pembeni yake kuna kingine. Mara nyingi ni wachache, hawafiki 20, na kwa hilo tu multi ameshamshinda gapi na faita kwa mtu mwenye tangi langu. Alafu hawali watoto wao. Watoto wa uzazi wa kwanza wanabaki hapo hapo nyumbani wakati wadogo zao wanatoka, una vizazi vitatu kwenye sakafu ya sentimita 45 na kila mtu ana kipande chake. Eneo likijaa kasi ya kuzaa inapungua, na hao wa ziada unawagawa kwa awamu, sio kwamba umeamka una samaki 80.

Kuanza, nunua vijana watano au sita wakue pamoja, kutambua dume na jike wakiwa wadogo ni kubahatisha, wakikua dume ndo mkubwa. Dukani utaambiwa uchukue na ocellatus, naye ni wa magamba wa ziwa hilo hilo, kwa sababu ana sura ya kuvutia, kweli anavutia, lakini dume mmoja wa ocellatus anaitaka sakafu yote peke yake na anang'ata. Brevis, mwingine wa magamba, ni mpole zaidi, dume na jike wanaweza kukaa gamba moja, huyo ukimkosa multi mchukue. Usiwachanganye kwenye lita 22, chagua mmoja.

Kitu kimoja cha kuangalia sana kwa samaki wa Tanganyika: maji yao yana pH (kile kipimo cha asidi na alkali) ya juu, kwenye 9 hivi, na amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kwenye maji ya namna hiyo ni kali zaidi kuliko kwenye maji ya kawaida. Sasa tangi dogo ndo linajaza amonia haraka. Kwa hiyo lile suala la kuacha filta ifanye kazi wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuweka samaki, wale bakteria wa kugeuza amonia wapate kuota kwenye sponji, hapa usilikate kona. Filta yenyewe iwe ya sponji na pampu ya hewa, hizi za kunyonya zinameza vifaranga.

Wa pili ni huyu wa vidimbwini. Nothobranchius, tumuite notho. Pwani yetu yote hii, kuanzia Kenya mpaka Msumbiji, mvua za masika na vuli zikipiga kuna madimbwi yanajaa pembeni ya barabara, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye mbuga za udongo mweusi, na miezi michache baadaye yamekauka mpaka ardhi imepasuka. Humo kuna samaki. Wanakufa wote dimbwi likikauka, wanaobaki ni mayai ndani ya udongo, yanasubiri mvua, na sio yote yanaanguliwa mvua ya kwanza, mengine yanagoma yanasubiri nyingine, manake mvua ya kwanza ikidanganya dimbwi likakauka upesi ukoo wote usiishe. Unguja kuna guentheri, dume ana mkia mwekundu na mwili wa buluu ya kijani, Mafia kuna korthausae, Rufiji kuna eggersi. Na kuna furzeri, huyu alipatikana Gonarezhou, Zimbabwe, mwishoni mwa miaka ya 1960, leo maabara za Ujerumani na Marekani zinamtumia kusoma uzee kwa sababu anazeeka ndani ya miezi, na kwenye vidimbwi vya Msumbiji wanasayansi wamekuta anaweza kuwa mtu mzima wa kuzaa siku 14 tu tangu kuanguliwa.

Kwa tangi dogo notho ana faida moja ambayo sijaiona kwa samaki mwingine yeyote: ni wewe unayeamua watoto wazaliwe lini. Unaweka dume mmoja na majike wawili watatu. Unachukua kopo la aiskrimu lenye mfuniko, unatoboa tundu, ndani unaweka makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kuchemshwa. Ulaya wanahangaika kununua mboji maalum na makumbi ya kwenye paketi, kwetu wauza madafu wanatupa. Dume anamuita jike kwa kutanua mapezi yote na kutetemeka mbele yake, jike akikubali anazama kwenye kopo, dume anamfunika mgongoni kwa pezi lake, wanajibana kwenye makumbi, miili inapinda, mtetemo mmoja mfupi, yai moja. Moja tu. Alafu wanarudia, kutwa nzima.

Kila wiki au mbili unatoa makumbi, unayakamua kwa mkono mpaka yasidondoshe maji ila yabaki na unyevu, unayafunga kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu na kuweka kabatini. Mayai ni ya milimita moja hivi, yanang'aa, utayaona ukichambua kidogo. Guentheri anataka kama miezi mitatu, kwa joto letu la Dar wakati mwingine inapungua, unakuwa unachungulia, ukiona ndani ya yai kuna jicho jeusi lenye duara ya dhahabu wako tayari. Unamwaga makumbi kwenye beseni, maji yawe baridi kidogo kuliko ya chumbani, kina cha sentimita chache tu, na ndani ya saa kadhaa wanaogelea. Wengine wanaburura tumbo chini hawawezi kuelea, hao hawatapona, ukiona ni wengi sana huenda uliwawahi.

Chakula ndo penye kazi. Kifaranga wa notho anataka kitu kinachocheza, sanasana artemia wachanga, vidudu vidogo vya maji ya chumvi, ambao unawaangua mwenyewe kwenye chupa ya maji ya chumvi na hewa kila siku. Wakubwa wanakula viluwiluwi vya mbu kwa tamaa ya ajabu, na viluwiluwi ni bure, ndoo ya maji kivulini na majani makavu mawili, ila hesabu yako iwe sawa, vikikaa siku moja zaidi vinakuwa mbu. Mama watoto kashapiga marufuku hiyo ndoo uani, sasa ipo kwa rafiki yangu. Chumvi pia wanaipenda, kijiko cha chai kwa lita 10 kinasaidia dhidi ya ule ugonjwa wa vumbi la dhahabu ambao notho wanaupata kirahisi, kwa hiyo ambao visima vyenu vina maji yenye chumvi kidogo hapa mmependelewa.

Kikwazo cha notho ni kwamba anaishi mwaka mmoja hivi basi, na kwenye joto kali anaharakisha hata huo. Kuna watu hawawezi hilo. Mwanangu aliuliza kama tumewaua sisi, nikamuonyesha mfuko wa makumbi, hakuridhika sana.

Wa kuwapata: usijiendee na neti kidimbwini au ziwani, uvuvi wa samaki wa mapambo una vibali vyake, anzia ofisi ya uvuvi ya wilaya, na rahisi zaidi ni kutafuta mtu anayezalisha tayari. Ukipata notho uliza wa wapi, andika jina la eneo, usiwachanganye wa maeneo mawili hata kama wanafanana. Na gapi wa ziada usiwamwage kwenye dimbwi la jirani kwa sababu ya kuwaonea huruma, pale pana wenyewe hata kama leo huwaoni.

Kuhusu joto, mikoa ya pwani hita huhitaji, Mbeya na Arusha unahitaji. Januari na Februari huku maji machache yanapanda hadi 31, fungua mfuniko, elekeza feni juu ya maji, ongeza kilichokauka kwa maji yaliyolala kwenye ndoo siku nzima klorini ikatoka. Umeme ukikatika usiku multi wanavumilia masaa kadhaa, ila pampu ndogo ya betri ni bei ya kawaida, kuwa nayo.

Anayesafiri sana achukue notho, mayai yanamsubiri kabatini. Anayekaa nyumbani na anapenda kuangalia ugomvi achukue multi. Wenye matangi mawili mnajijua. Na kwenye mfuko wa mayai andika tarehe, aina na eneo kwa maka pen, peni ya kawaida inafutika na unyevu, mimi nina mfuko mmoja kabatini ambao nitaumwagia maji vuli ikianza ndo nijue ni nani walikuwa humo.